Mwana wa Mhunzi Aliyekaa Ndani ya Radi

Juzi nililala kwa mjukuu wangu Shiru, kule Milimani. Asubuhi nikavuta blanketi lake, moja ya haya ya manyoya laini ya kununua dukani, likalia ta-ta-ta, na kidole changu kikaumwa kana kwamba siafu amenipata. Shiru alikuwa anafunga viatu aende kazini. Akacheka. "Usiogope Cucu, ni stima ya blanketi tu." Sikuwa nimeogopa. Nilikuwa nimenusa ile harufu, kama ya jiwe lililogongwa na jiwe, nikabaki nimekaa kitandani na soksi moja mkononi mpaka Shiru akauliza kama ninaumwa. Hilo neno lake, "tu," ndilo lilinikalia vibaya. Ninyi wa umri wangu, mliozaliwa kwenye kambi za mashamba ya wazungu kutoka Gilgil mpaka Rongai, mnajua kwamba katika jambo hili hakukuwa na "tu."

Shule mimi niliona darasa la pili, nikatolewa nilee wadogo zangu. Lakini jina la mtu likiingia kwangu halitoki. Kwa hiyo nitawaambia nilivyoona, na niliyemwona akifanya nitamtaja.

Shamba letu lilikuwa upande wa Rongai, shamba la ngano na kondoo, la mzungu tuliyemwita Bwana Kofia kwa sababu hakuna aliyewahi kuona kichwa chake. Baba yangu Njoroge aliendesha trekta. Mama yangu Wairimu alifuga ng'ombe mmoja kwa ruhusa ya Bwana Kofia. Kambini tulikuwa watu wa kila lugha, nyumba zimepangwa mistari miwili, nyumba za udongo zisizo na dirisha, ukiingia mchana ni kama umeingia ndani ya chungu. Nyumba iliyotazamana na yetu ilikuwa ya Kogo Tabutany. Kogo ni nyanya kwa Kikalenjin, na yeye alikuwa nyanya wa kambi nzima, maana ndiye alikuwa mkunga. Mimi mwenyewe mikono ya kwanza kunishika hapa duniani ilikuwa yake.

Mwaka ninaousimulia, mvua za Agosti, radi ilimpiga mwanawe Kiprono. Alikuwa anachunga kondoo, mvua ikamkuta, akajikinga chini ya mtarakwa. Walimkuta amekaa tu, na kondoo wanne wamelala karibu naye. Mkewe Chebet alikuwa ndio kwanza ametambua ana mimba. Tangu siku hiyo Kogo hakuimba tena akisaga, na mti ule hakuna aliyethubutu kuokota hata kijiti chake cha kuni, kwa sababu kwetu sote, Mkikuyu, Mkalenjin, Mbukusu, kitu kilichoguswa na radi hakiguswi.

Basi Januari iliyofuata, vumbi limekauka mpaka midomo inapasuka, Baba akaniletea sweta kutoka duka la Wahindi pale Rongai. Sweta ya nailoni, nyekundu. Nailoni ilikuwa kitu kipya. Nililala nayo, nikachunga nayo, nikaenda mtoni nayo juu ya gauni la sufu ambalo Mama alilikata kutoka koti la zamani. Mchana mmoja jua likanishinda. Nikaingia nyumbani, Mama na Chebet wamekaa pale gizani wanachambua maharagwe, nami nikaivuta sweta kichwani. Ikalia. Nikasikia Mama amevuta pumzi. Chebet akaniona, alivyosema baadaye, nimewaka nyota za buluu shingoni na mikononi, na nywele zangu zimesimama. Aliinuka na tumbo lake, maharagwe yakamwagika, akatoka mbio kwa mama mkwe wake.

Jioni ile jua likiwa bado halijazama Kogo alikuja. Hakuingia. Alisimama nje ya mlango, na hiyo peke yake ilitosha kutuambia, maana Kogo nyumba yetu alikuwa anaingia bila hodi.

"Mama Nyambura," akasema, "mimi ndiye nilimshika huyu mtoto akitoka kwako. Sisemi kwa chuki."

"Sema, Kogo."

"Radi iko ndani yake. Mvua ikirudi, itakuja kuchukua kitu chake, na ikija haichagui mlango. Chebet amebeba kile Kiprono aliniachia. Sina kingine."

Baba akatoka akipangusa mikono. "Kogo, huyu ni mtoto wa miaka minane."

"Na jina lenyewe, Nyambura, mlimpa la mvua. Ako na shangazi Gilgil. Mpelekeni akae huko. Kabla ya mvua, Njoroge. Nakuomba kama mzazi."

Angetukana, Baba angejibu. Lakini mama aliyezika mtoto akikuomba, utasema nini? Na mimi nilimjua shangazi Wambui wa Gilgil. Watoto waliopelekwa kwake walirudi wakiwa wakubwa, na hawakujua tena kucheka. Ikaamuliwa hivyo, pale pale mlangoni: wingu la kwanza likionekana juu ya milima ya Mau, mimi napanda lori la ngano. Mpaka hapo nichote maji wa mwisho, wanawake wote wakishaondoka.

Sasa mtanicheka, lakini mimi niliamini. Niliamini radi iko ndani yangu kama yai ndani ya kuku, na kwamba nikigongwa itavunjika. Nilitembea polepole. Nililala chali mikono mbali na mwili. Sikumbeba mdogo wangu Karanja, akilia namwimbia nikiwa mbali, naye akinyoosha mikono.

Aliyenitoa hapo alikuwa fundi mmoja, Mistri Kartar. Alikuwa Kalasinga kutoka Nakuru, kilemba chake cha rangi ya majani makavu, ndevu mpaka kifuani. Kule mtoni kulikuwa na gurudumu la maji lililozungusha dainamo ya kuwashia nyumba ya Bwana Kofia na kinu, na dainamo ilikuwa imeungua. Mistri alikuja kuisuka upya kwa mkono, waya mwembamba wa shaba, mzunguko juu ya mzunguko, kazi ya wiki nyingi. Alilala hapo hapo kwenye banda. Nyama hakula, kwa hiyo Mama akawa anamtumia maziwa, na wa kutumwa ni mimi. Nilikuwa naweka kibuyu chini, narudi nyuma hatua tatu, nangoja.

Siku ya tatu akaniangalia. "Kwa nini unakimbia mimi? Mimi nanuka?"

"Hapana, Mistri. Ni mimi niko na radi."

Hakucheka. Aliweka koleo chini, akajipangusa. "Iko wapi? Kuja onyesha mimi."

Hakuna mtu alikuwa ameniambia "kuja" kwa siku nyingi. Nikaenda. Nikamweleza sweta, nyota, Kiprono, Gilgil. Akasikiliza yote mpaka mwisho, halafu akasema, "Hii kitu mimi najua mtu alisoma yeye maisha yote." Na akirudia kuzungusha waya wake, akaanza kunihadithia.

Jina la mtu huyo Mistri alinipa, na mimi majina sisahau, lakini kambini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Mwana wa Mhunzi, na hapa nitamwita hivyo. Baba yake alikuwa mhunzi wa Uingereza, mgonjwa, maskini kabisa. Kuna wakati mtoto alipewa mkate mmoja na kuambiwa huo ni wa wiki. Mimi nilisimamisha hadithi hapo. Mzungu analala njaa? Mistri akaapa. Shule hakupata, akajua kusoma na kuandika na hesabu kidogo, basi, akapelekwa kwa fundi wa kushona vitabu. Wengine walishona vitabu. Yeye alivishona na kuvisoma. Huko ndani akakuta habari za stima, akatengeneza mashine ndogo kwa chupa kuukuu, aone kama kitabu kinasema kweli.

"Hakuamini kitabu?" nikauliza.

"Aliamini mkono yake," Mistri akasema.

Akaenda kumsikiliza bwana mkubwa mmoja wa elimu, akaandika kila neno, akalishona mwenyewe likawa kitabu, akampelekea. Bwana akamchukua kazi ya kuosha chupa. Na huyu muosha chupa, Mistri akasema akininyooshea ule waya wa shaba, ndiye aliyegundua kwamba sumaku ikitembea karibu na waya uliozungushwa, stima inaamka ndani ya waya. "Hii yote ninafanya hapa, ni yake. Kila dainamo ya dunia ni yake. Wakataka kumpa cheo kikubwa, wamwite Sir. Akakataa. Akasema jina lake la kawaida linatosha."

Hapo ndipo nilipokosea. Mistri mwenyewe alikuwa mwana wa mhunzi, baba yake alifua vyuma vya reli, na kila alipomtaja mtu huyu alisema "mtu yetu." Mimi nikasahau habari ya mzungu na Uingereza, nikaelewa ni wa kwao. Nikamvalisha kilemba akilini mwangu. Nikamwekea nyumba Nakuru, nyuma ya stesheni, na chupa zake zimepangwa dirishani. Kila asubuhi nilipoenda na maziwa nilikuwa napanga namna ya kumuuliza Mistri kama mtu huyo anaweza kuja kutuonea hii radi yangu, maana mtoto wa mhunzi hata Kogo angemsikiliza. Mnajua jinsi wahunzi walivyoogopwa, kwetu na kwao. Laana ya mhunzi haina dawa.

Mwishoni nikauliza. Mistri akaweka waya wake chini. "Yeye hawezi kuja," akasema. "Lakini kazi yake tunaweza leta. Ambia watu, Jumapili."

Jumapili watu walikuja wote, maana kambini hakukuwa na kitu kingine cha kuona. Kogo alikuja, akasimama mbali na Chebet nyuma yake. Nyapara Wekesa, mnene, kipara kinang'aa, alisimama mbele kama kawaida yake. "Mistri, leo unatuchoma bila kuni?"

"Wewe tutaanza na wewe."

Kwanza Mistri alimwomba Mama avae ile sweta yangu, ingawa iliishia mabegani, akamwingiza bandani gizani pamoja na wanawake watatu, akamwambia avue. Tukasikia ta-ta-ta, na wanawake wakatoka wameshika midomo. Mama pia ana nyota. Halafu Mistri akatoa chanuo chake cha mbao, akakirudisha maana mbao haishiki stima, akaazima cha plastiki kwa mpishi wa Bwana Kofia, akachana ndevu. Nywele za ndevu zikasimama moja moja zikikifuata chanuo, na vipande vya karatasi vikaruka kutoka mezani vikakishika. Watoto wakapiga kelele za furaha. Wekesa akainamisha kichwa. "Na mimi nisiye na nywele, itashika wapi?"

"Umeona, mama?" Mistri akamwambia Kogo. "Si toto hii peke yake. Ni kila mtu. Hewa ikikauka, nguo ikisuguana, inatoka."

Kogo akafikiri. Akasema, "Sawa. Iko kwa kila mtu. Basi mvua ikija itatumaliza wote."

Hata mimi niliona amesema kweli, na nikaliona lori la ngano mbele ya macho yangu. Lakini Mistri alitikisa kichwa kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo. "Mwana wa Mhunzi pia aliuliza hivyo. Akajenga nyumba, ndani ya nyumba, ya mbao na waya na karatasi ya chuma. Akaingia. Akaambia watu wake, pigeni hii nyumba kwa stima, nguvu yote mnayo. Cheche zinaruka nje kila upande, yeye ndani anaangalia vyombo vyake. Akatoka. Hata nywele moja haijaungua."

"Mwana wa mhunzi?" Kogo akauliza.

"Ndiyo, mama."

Kogo akasogea hatua moja.

Mistri alikuwa ameandaa. Kibanda cha waya wa kuku, kile cha vifaranga, amekikalisha juu ya chupa nne, ndani kuna sanduku la mbao la kukalia. Nje amening'iniza vipande vya karatasi, na ndani vingine. Halafu akatoa sahani ya santuri iliyopasuka, akaisugua kwa ngozi ya kondoo mpaka jasho likamtoka, akawa anaweka juu yake mfuniko wa bati wenye mpini wa mshumaa, akiuinua, cheche inaruka tik, anailisha chupa ya kuwekea stima, aliyoivika karatasi ya fedha ya pakiti za sigara. Alirudia mara nyingi. Halafu akauliza, "Nani anaingia?"

Hakuna. Nikasema, "Mimi." Mama akanishika bega mpaka nikaumia.

"Huyo hapana," Kogo akasema. "Akitoka mzima mtasema ni kwa sababu radi ni ndugu yake." Akavua shanga za shingoni akampa Chebet. "Nitaingia mimi. Radi na mimi tuna deni."

Aliingia akiinama, akakaa juu ya sanduku, blanketi limefunga mabega, macho yamefumba. Mistri akaigusisha ile chupa kwenye waya. Tik. Akailisha tena, akagusisha tena. Karatasi za nje zilisimama kama masikio ya punda. Za ndani zililala tu. Wekesa, ambaye hakuwahi kuona kitu asikiguse, akanyoosha kidole kwenye waya. Cheche ikamruka. Alilia, akaketi chini kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili.

"Mama, umesikia kitu?" Mistri akauliza.

Kogo akafumbua macho. "Nimesikia Wekesa analia kama mbuzi."

Kambi nzima ikacheka, na Wekesa mwenyewe, na Chebet nikamwona amefunika uso kwa mkono, mabega yanatikisika. Kogo peke yake hakucheka. Aliushika ule waya kwa ndani, akaupapasa shimo kwa shimo.

"Kiprono wangu angekuwa ndani ya hii?"

Mistri akaondoa vitu vyake kwanza, akachuchumaa wakawa uso kwa uso. "Angerudi nyumbani, mama."

Hakutoka haraka. Hakuna aliyemhimiza. Tulisimama pale juani na upepo unapiga vumbi, mpaka alipoinua mkono asaidiwe. Alipotoka alipita kwa Mama, akasema maneno mawili, "Mtoto akae," akanishika kichwa changu kwa mkono wote. Jioni hiyo nilimbeba Karanja mpaka akalala.

Lakini kabla watu hawajaondoka Kogo alimgeukia Mistri. "Mtu huyu anakaa wapi? Nina kondoo mmoja. Nataka kumpelekea." Nikaona kumbe hata yeye amemwekea nyumba mahali fulani.

"Mama, huyo alikufa. Zamani sana. Hata baba yangu hakuwa amezaliwa."

Mimi nililia. Nililia kama msiba umeingia nyumbani, nikaona dirisha lile la Nakuru na chupa zake zikizimika. Kogo akaningoja nimalize, halafu akauliza swali ambalo mzee wa kwao lazima aulize. "Aliacha watoto wangapi?"

"Hakuacha hata mmoja."

"Hata mmoja?" Akamwangalia kama amesikia kitu kibaya kuliko radi. "Mtu kama huyo, na hakuna mtoto wa kuitwa jina lake?" Akaondoka polepole akitikisa kichwa.

Mistri alimaliza dainamo, akaturuhusu tuone taa ya kwanza ikiwaka bandani, nyekundu kwanza halafu njano, akarudi Nakuru na sanduku lake. Sikumwona tena. Aprili wingu likasimama juu ya Mau, jeusi, na lori la ngano likaondoka bila mimi.

Mvua ilikuja saa tisa ya mchana, na siku hiyo hiyo Chebet akashikwa na uchungu. Nasi tulikaa kwetu tukisikiliza, radi inapiga mlima wa Menengai, inajibu huku, mpaka tukasikia mtoto. Sasa Wakalenjin, kama hamjui, mtoto akizaliwa wazee wa kike humtajia majina ya waliokufa wa ukoo, mmoja mmoja, na jina ambalo mtoto atapiga chafya, basi huyo ndiye amerudi. Mama alikuwa ndani akisaidia, ndiye aliyenisimulia mwanzo wake. Walimtaja babu wa Kiprono. Kimya. Babu wa babu. Kimya. Walimnusisha ugoro kidogo, wakataja ndugu wote. Mtoto anawaangalia tu. Jina la Kiprono hakuna aliyethubutu kulitaja, aliyechukuliwa na radi haitwi.

Ndipo nikasikia Kogo ananiita kwa mlango, sauti inapita mvua. "We Nyambura. Kuja." Nikavuka mbio, nikasimama chini ya ukingo wa paa la nyasi, maji yananimwagikia mgongoni.

"Yule mtu anaitwa nani? Sema vizuri, nisikosee."

Nikalisema jina kama Mistri alivyonifundisha. Kogo akalijaribu mdomoni mara mbili, likamshinda.

Mwanamke mmoja akasema kutoka ndani, "Kogo, huyo si wa ukoo wetu. Huyo ni mzungu."

"Na kwa ukoo wetu," Kogo akasema, "ni nani ameingia ndani ya radi akatoka?"

Akainama juu ya mtoto, akamwita kwa lugha yake mwenyewe, taratibu, mwana wa mhunzi, mwana wa mhunzi. Radi ikapiga karibu mpaka vyungu vikalia. Halafu tukasikia chafya, ndogo kama ya paka.

Kogo akamwinua mpaka uso wa mtoto ukagusa wake. "Karibu nyumbani," akamwambia. "Umechelewa."